Kadi Isiyo na Picha

Kwetu kazini hatusemi jeneza. Tunasema sanduku. Mteja akija analia, tunamwambia sanduku litakuwa tayari Alhamisi, na hata tukiwa peke yetu tunakunywa chai, bado ni sanduku. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama yangu, ndiye aliyeanzisha desturi hiyo, na ndiye aliyeanzisha karakana yenyewe, kule Laini Saba, Kibera, karibu sana na reli. Treni ikipita, misumari inarukaruka ndani ya kopo. Hapo ndipo mbao zinakatwa, zinaungwa na kupigwa msasa. Halafu sanduku linafunikwa turubai, linapakiwa kwenye pikapu na kuletwa Kabiro, upande wa Kawangware, ambako tumekodi duka. Hapo dukani kuna mama anayeshona vitambaa vya ndani, na kuna mimi, ninayepokea wateja na kuhakikisha kazi ya huku na ya kule inaelewana.

Haikuwa inaelewana. Zamani tulifanya kazi kwa kupigiana simu na kulaumiana. Laini Saba wangeleta sanduku la mahogani wakati familia ilitaka saiprasi, mama wa vitambaa angeshona zambarau mahali pa nyeupe, na wa kusimama mbele ya wafiwa akitafuta maneno alikuwa ni mimi. Mimi si mtu wa subira. Nikikasirika sauti yangu inafika hadi kwa wauza maji wa barabara ya pili, na wao wenyewe wamewahi kuniambia hivyo.

Dawa niliipata kanisani, kwenye kamati ya harusi. Bi harusi alitumia ubao wa mtandaoni kupanga keki, hema, magari na mapambo. Ukiufungua kwenye simu unaona safu zimesimama kutoka kushoto kwenda kulia, na katika kila safu kuna kadi. Kila kadi ni kazi moja. Kazi ikisonga mbele, unaigusa kadi kwa kidole, unaivuta mpaka safu inayofuata. Nilikaa pale kikaoni nikitazama keki ikitoka "Bado" kwenda "Imelipiwa," nikajua nimepata ninachokitafuta. Jumatatu yake nikatengeneza ubao wetu. Safu ya kwanza, Imeagizwa. Kisha Inakatwa, Msasa na Vanishi, Kitambaa, Tayari, na ya mwisho kabisa, Imechukuliwa. Juu ya kila kadi niliweka picha ya aina ya sanduku ambalo familia imechagua, na chini yake urefu na rangi ya kitambaa. Jina la marehemu hatukuandika. Mjomba alikataa katakata, na kwa hilo sikubishana naye.

Kule Laini Saba walitumia simu moja ya karakana, iliyokaa kwenye meza ya kazi ikichajiwa, na akaunti yake niliiita Laini Saba. Kwa hiyo kila walichofanya kilinifikia hivyo: Laini Saba imesogeza kadi hii. Wanaume ni wawili tu kule, mjomba na fundi wa msasa, na aliyesogeza kadi siku zote alikuwa fundi wa msasa. Mjomba alisema macho yake na simu havisikizani. Nilikwenda siku moja nikaketi naye nimfundishe, nikamshika kidole, nikakiweka juu ya kioo, nikakivuta. Kadi ikaruka safu mbili. Nilimfokea, nasema ukweli, kwa sababu sheria yangu ilikuwa moja na nilikuwa nimeirudia mpaka wote wameichoka: kila mtu anasogeza kadi yake mwenyewe.

"Haya, Mama," akasema, akarudi kwenye randa yake. Ananiita Mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Kuna jambo lingine la karakana ile ambalo lazima nilieleze. Mara nyingi familia hazijui urefu wa mtu wao. Yuko mochari, au yuko nyumbani magharibi, na aliyetumwa kuagiza anabaki akipanua mikono hewani. Basi mjomba huwaambia: leteni mtu wa kimo chake. Wanamleta ndugu au jirani, anasimamishwa kwenye fremu ya mlango, na mjomba anampima kutoka nyuma kwa ufito mwembamba wa mbao, si kwa tepu, kisha anaongeza vidole vinne. Sanduku likishakatwa, ule ufito unavunjwa na kuchomwa kwenye jiko linalopikiwa chai ya karakana. Yule aliyesimama anaitwa arudi kunywa chai hiyo, na haondoki kabla ya kumaliza kikombe. Mjomba anasema kipimo cha mtu aliye hai hakiachwi kikizurura. Nimeona wanaume wenye miili mikubwa, waliokuja wakicheka, wakinywa chai ile kimya.

Mimi sijawahi kukubali kusimama. Niliombwa mara nyingi, kwa sababu mimi ni mrefu kupita wanawake wote ninaowajua na wanaume wengi. Nilikataa kwa hasira, na watu wakadhani nina maringo.

Kadi ile niliiona asubuhi moja ya mvua, nikifungua duka. Ilikuwa kwenye safu ya Inakatwa. Haikupitia Imeagizwa, ambako ni mimi tu ninayeweka kadi. Haikuwa na picha. Ilikuwa na urefu, futi sita na inchi mbili na vidole vinne, na chini yake neno moja, samawati.

Hakuna mtu huagiza samawati. Wanataka nyeupe, au zambarau, au ile rangi ya maziwa. Samawati ni rangi ya sare ya kanisa letu. Na futi sita na inchi mbili ni urefu wangu mimi.

Nilipiga simu Laini Saba. Akapokea fundi wa msasa.

"Niaje, meneja."

"Hiyo kadi mpya ni ya nani?"

"Kadi gani? Mimi nimeingia saa hii. Simu ilikuwa hapa kwa meza, hata sijaishika."

"Imeandikwa ni nyinyi."

"Si mimi, haki. Ngoja nikupee mzee."

Mjomba akaja, sauti yake nzito ikiwa mbali kidogo na simu, kama kawaida yake. Akasema hayo mambo ya kusogezasogeza ni yetu sisi vijana, yeye asihusishwe. Kisha treni ikapita, sikusikia kitu kingine.

Nikaiondoa kadi. Nilijiambia ni hitilafu, mtu kakalia simu, mambo ya mtandao. Baadaye asubuhi hiyo hiyo, nikiwa nahudumia mteja, simu ikatetemeka mkononi: Laini Saba imerudisha kadi hii.

Niliogopa. Sitaki kulipamba hilo neno. Nilimtazama mama mmoja aliyekuja kumwagizia mumewe sanduku, midomo yake ikisema kitu, na sikusikia chochote. Nilikuwa nawaza kwamba Laini Saba si mtu. Ni mahali, ni reli na mabati na vumbi la mbao, na mahali hapo pamenikatia sanduku.

Siku zilizofuata kadi ile ilianza kutembea. Nikiitazama asubuhi iko Inakatwa. Nikinawa mikono nile, iko Msasa na Vanishi. Mara imerudi nyuma. Mara imeruka mpaka Tayari, imekaa kidogo, imerudi tena. Kadi nyingine zote zilisonga mbele kwa adabu, hatua kwa hatua. Hii ilihangaika kama mtu aliyechelewa kanisani anatafuta pa kukaa. Nami niliirudisha nyuma. Nilikuwa naivuta kwa kidole mpaka kwenye safu ya kwanza, naiacha pale, na kabla sijaweka simu chini inaanza upya. Mchana kweupe, jua linawaka, watoto wanapita na mitungi ya maji, na mimi nimesimama nyuma ya kaunta nashindana na kitu nisichokiona.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mama wa vitambaa anatoka upande wa ziwa, ni mtu wa kuamini upesi, na angeita maombi hapo hapo dukani. Lakini naye alikuwa na simu, na ubao aliuona. Nikamkuta ameacha kushona, ananitazama.

"Siz," akasema, "hii kadi ya samawati mbona unaisumbua?"

"Siisumbui."

"Naona imeandikwa Kabiro imerudisha, Kabiro imerudisha. Kabiro si ni mimi na wewe? Na mimi sijaguza."

"Ni makosa."

"Basi ufute."

"Nimefuta."

Akajishika kidevu. Kisha akarudi kwenye cherehani yake, na hilo lilinitisha zaidi.

Kisha kadi ikaacha kuhangaika. Ilifika Kitambaa ikatulia, na kufikia wakati wa chai pikapu ilikuwa mlangoni. Dereva akashusha masanduku matatu. Mawili nilikuwa nayatarajia. La tatu lilikuwa refu, la mahogani, halina mapambo, pembe zake zimeungwa kwa namna ambayo siku hizi hatuifanyi kwa sababu inakula muda. Nilipiga simu nikamfokea fundi wa msasa kwamba nani aliwaambia walitengeneze. Alishangaa kweli.

"Si iko kwa board, meneja? Wewe ndio ulisema kile kiko kwa board ndio kazi. Mzee alikata, nikaletewa, nikapiga msasa."

Alisema kweli. Hilo ndilo nililowafundisha. Jambo likiwa kwenye ubao linafanywa, hakuna kuulizana.

Mama wa vitambaa alilizunguka lile sanduku, akapitisha mkono ndani, kisha akanitazama mimi kuanzia miguuni mpaka kilembani.

"Ni refu," akasema. "Hebu simama hapa kando kidogo, niangalie kitu."

"Usithubutu!"

Nilipiga kelele mpaka akarudi nyuma akagonga cherehani. Alivaa viatu vyake, akasema anaenda kula, na siku hiyo alikula muda mrefu.

Nikabaki peke yangu na masanduku. Nilijua ninachotaka kufanya na nilijua hakifanywi. Nikavua viatu. Nikasimama kwenye fremu ya mlango wa ndani, mgongo umegusa mbao, nikaweka penseli juu ya kichwa nikachora alama. Kisha nikachukua tepu, nikapima kutoka sakafuni mpaka kwenye alama, nikaenda nikapima ndani ya lile sanduku. Nikatoa vidole vinne. Vipimo vilikuwa sawa kabisa.

Sikuwa na ufito wa kuvunja, wala jiko halikuwa limewashwa. Nilifunga duka, nikapanda gari mpaka Kibera, nikashuka nikatembea kando ya reli kwenye matope, nikiwa na hakika kwamba nikifika nitaambiwa naumwa ugonjwa ambao kila mtu anaujua isipokuwa mimi.

Fundi wa msasa hakuwepo, alikuwa ametumwa gundi. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo wake kwangu, amejikunja. Niliona simu ya karakana mikononi mwake. Kidole chake kikubwa, kile kilichokatika ncha na msumeno miaka mingi iliyopita, kilikuwa juu ya kioo. Alikuwa anavuta kadi polepole, ulimi ameutoa kando ya mdomo, kama anavyofanya akikata kona ngumu. Simu ikanitetemekea mfukoni. Sikuhitaji kuisoma.

"Anko."

Hakushtuka. Aliiweka simu mezani taratibu.

"Umekuja na mvua," akasema. "Utapata homa."

"Hiyo kadi ni ya nani?"

"Keti kwanza."

"Sikai. Ni ya nani, Anko? Ni yangu?"

Hapo ndipo aligeuka, na uso wake ukaniambia kwamba hajawahi kulifikiria hilo hata kidogo. Alinyanyuka haraka, akasimama mbele yangu, na macho yetu yakakutana moja kwa moja, kwa kimo kile kile. Ndugu zangu wote walichukua ufupi wa baba. Tangu nikiwa mdogo watu wa nyumbani walisema mimi nimemfuata mjomba. Nililisikia mara nyingi mpaka nikawa silisikii tena.

"Yako kwa nini?" akasema. "Ni yangu, Mama."

Akaniambia kwa maneno machache. Kuna kitu tumboni. Amekwenda hospitali, wamekipiga picha, wamesema si cha kukatwa. Amekuwa akijua tangu kabla ya mvua kuanza, na pale anapokaa, Mashimoni, hakuna anayejua, kwa sababu wakijua wataanza kumbebea maji, na yeye bado anajibebea.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Wewe unafoka." Alitabasamu. "Na nilikuwa bado najifunza hii simu yako. Nilijifunza na hiyo kadi. Naipeleka mbele, naikosa, naregesha. Nikija asubuhi naikuta huko mwanzo, nasema leo tena nimekosea, naanza upya."

Nililia nikiwa nimesimama. Siku zote hizo nilidhani napigana na kitu, na kumbe nilikuwa nampotezea mzee kazi.

"Lakini kwa nini ujitengenezee mapema? Watu wangekutengenezea."

"Wangenipima na nani?" akauliza.

Nikatazama fremu ya mlango.

"Nikienda, wataulizana kimo. Huku hakuna mtu wangu mrefu, na nyumbani wote wamekufa. Watasema, leteni yule dada wa Kabiro. Watakusimamisha hapo mlangoni, wewe na msiba wako, wakupime kwa ajili yangu." Alitikisa kichwa. "Wewe hutaki kupimwa. Nimekuona ukikataa miaka yote, na mimi nasema afadhali hivyo. Basi nikajipima mwenyewe, nikajikatia. Hakuna wa kuitwa."

Treni ilipita. Tulingoja imalizike, misumari ikiruka kwenye kopo.

"Hukujipima, si ndiyo?" akauliza, sauti yake imebadilika.

"Sikujipima," nikasema.

Alinitazama kidogo, kisha akachukua simu akaifuta kwa shati.

"Si wewe ulisema kila mtu asogeze kadi yake? Mimi nimesogeza. Ikishashonwa nitaifikisha Tayari. Ile ya mwisho utaisogeza wewe. Hapo nitakuwa siwezi."

Nilirudi Kabiro, nikamwambia mama wa vitambaa ashone samawati, na ashone vizuri. Sikumweleza. Alishona siku mbili akiimba chini chini nyimbo za kwao, na nadhani alielewa, kwa sababu aliniomba msamaha kwa jambo ambalo hakunikosea.

Mjomba alikuja kuliona sanduku mwishoni mwa wiki. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, amepungua shingoni, na mfuko wake wa vyombo begani, ambao hauachi hata akienda harusini. Alipitisha kiganja kwenye kitambaa, akabonyeza mto, akasema pale pembeni ingekazwa zaidi. Mama wa vitambaa akakaza. Kisha mjomba akageuka atafute pa kukaa, na macho yake yakafika kwenye fremu ya mlango wa ndani.

Ile alama ya penseli ilikuwa pale pale. Nilikuwa nimeisahau. Nilipita chini yake kila siku.

Akaisogelea. Hakuwa na haja ya kuinua kichwa, ilikuwa sawa na utosi wake. Aliigusa kwa kile kidole kilichokatika, akakaa hivyo. Alifungua mfuko, akatoa randa ndogo, akaanza kuiranda ile fremu, taratibu, akipumzika kila baada ya mivuto michache kwa sababu nguvu hazikuwepo. Nilitaka kumsaidia akanizuia kwa kiwiko. Aliranda mpaka penseli ikaisha, na akaendelea hata ilipokwisha, mpaka mbao ikawa nyeupe.

Akaokota maranda yote sakafuni, akayahesabu kwa macho, akayakunja kwenye leso. Alikwenda nyuma, akawasha jiko mwenyewe, akayatia yote motoni na kuweka sufuria ya chai juu yake. Tukangoja mpaka ikachemka. Akanimiminia kikombe mpaka juu, hakujimiminia yeye, akavuta kigoda akaketi mbele yangu.

"Kunywa, Mama," akasema.

Ilikuwa ya moto sana. Alingoja nikanywa yote, akachukua kikombe mkononi mwangu, akaangalia ndani kama kimebaki kitu.